Mashine Iliyovalishwa Kitambaa

Hapo zamani za kale, wala si kale sana kama mnavyodhani, wanyama wa Nyika walichangiana wakajenga maabara. Kila ukoo ulitoa ulichoweza, ili mtoto wa yeyote akiugua, damu yake ipimwe na ijulikane anaumwa nini. Juu ya mlango wakaandika: MALI YA WOTE. Chini ya maandishi hayo, Kifaru akaweka kufuli.

Hakuna aliyemtuma. Alijiita Mkurugenzi, na kwa kuwa ana pembe, hakuna aliyeuliza.

Ndani mlikuwa na mashine ya kuzungushia damu. Unatia kichupa cha damu, unafunga kifuniko, unabonyeza kitufe, inazunguka vuuuu, mpaka wekundu unakaa chini na maji ya damu yanabaki juu. Maji hayo ndiyo yanayosema ni homa gani. Kifaru hakuwahi kuizungusha hata mara moja. Mkewe aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, ikafunikwa kama televisheni ya sebuleni. Wageni wakija kitambaa kinafunuliwa, wanatazama, kinarudishwa.

Siku moja, jua likiwaka, Pimbi alifika mlangoni akihema. Kimo chake hakipiti goti la Kifaru. Alisomea magonjwa chuo kilekile alichosoma Kifaru, ila yeye alikuwa akihudhuria. Mkononi alishika kichupa cha damu, kimejaa nusu.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Hii ni damu ya Tunu, kitinda mimba wangu. Ana homa tangu jana. Kama ni ya mbu, dawa yake ninayo. Kama ni ya kupe, dawa hiyo hiyo itamuua. Naomba mashine, kidogo tu."

"Marahaba. Leo haiwezekani, Bi Pimbi. Wageni wa Bonde la Mto wanakuja kuiona ikifanya kazi. Njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuja kukualika matangani."

"Usinililie hapa, mama. Kuna utaratibu."

Fisi, msaidizi wake, akacheka. Fisi hucheka hata akiambiwa habari za njaa.

Pimbi alikitazama kichupa chake. Damu ikikaa kwenye joto huharibika, na hii ilikwisha kaa njia nzima. Kumtoboa Tunu tena asingeweza, mtoto hakuwa na damu ya kuchezea. Akachungulia ndani. Mezani, kando ya mashine, palikuwa na kichupa kingine kimejaa pomoni.

"Hiyo ni ya nani?"

"Yangu," Kifaru akasema. "Damu ya kwanza kuzungushwa hapa haiwezi kuwa ya mtu hivi hivi."

"Na ni hiyo moja tu?"

"Moja inatosha. Si nimesema ni yangu?"

Pimbi akafuta macho. "Basi ijaribu kabla hawajafika, Mkurugenzi. Usije ukaaibika mbele za watu."

Neno aibu lilimwingia Kifaru. Akatia kichupa chake katika tundu, akafunga, akabonyeza.

Gu. Gu. Gudu gudu. Gudugudugudu. Meza ikatetemeka, chupa zikalia kwenye rafu, na mashine yenyewe ikaanza kutembea, taratibu, kuelekea ukingoni. Fisi akaparamia kiti. Kifaru akaikumbatia kwa mikono yote miwili na kuizima kwa kidevu.

Dirishani, vumbi la wageni lilikuwa limeshakata kona.

"Imekufa," Kifaru akanong'ona. "Na kila mwaka nimewaambia tunaizungusha."

"Haijafa. Umewahi kumwona mbeba maji aliyetundika debe upande mmoja tu wa mzegazega, ule mti wa begani? Lazima ayumbe. Inataka kichupa cha pili, upande wa pili, uzito uleule."

"Basi tutie damu ya Fisi."

Pimbi hakubisha. Akatoa sindano mkobani. "Sawasawa. Fisi mwanangu, lete mkono."

"Mimi?" Fisi akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mimi sijanywa chai."

"Basi imebaki hii yangu. Ila yangu ni nusu. Punguza yako ilingane."

"Nipunguze? Mimi?"

"Au wageni waikute inatembea mezani."

Vishindo vya miguu vilianza kusikika njiani. Kifaru akafumba macho, akamwaga nusu ya damu yake kwenye sinki. Vichupa viwili vikaketi vikitazamana. Kitufe kikabonyezwa.

Vuuuu. Meza haikutikisika hata kidogo.

Fisi alikuwa bado anakuna kichwa. "Mkurugenzi, hivi kwenye mzegazega si hubebwa maji? Kama ni uzito tu, si tungetia maji?"

Kifaru akageuka polepole. "Pimbi. Umenichezea?"

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe. Pimbi hakumzuia, wala angeweza. Alitazama mlango tu.

"Zima," akasema. "Halafu uwaeleze wageni kwa nini umezima."

"Hodi," ikaita sauti nje.

Kidole kikabaki hewani.

"Karibuni," Pimbi akaitikia, kama mwenye nyumba.

Mama Twiga, mkuu wa wageni, akainamisha shingo akaingia na wenzake nyuma. Wakaitazama mashine mpaka ikasimama yenyewe. Pimbi akachomoa kichupa cha Tunu, akadondoshea tone la maji ya juu kwenye karatasi ya kupimia, akangoja. Karatasi ikageuka njano. Njano ni kupe.

Pimbi akakaa chini. Asubuhi ile nusura ampe mtoto dawa ya mbu.

"Na hicho kichupa cha pili ni cha nani?" Mama Twiga akauliza, akikionyesha kile cha Tunu.

Kifaru akakohoa. "Cha mtoto wa jirani. Sisi hapa tunazungusha za wote. Mmeona mlangoni, mali ya wote."

"Tumeona. Na kufuli tumeliona."

Chumba kizima kilimtazama.

"Lile?" Kifaru akasema. "Lile ni la zamani. Fisi, kaling'oe."

Pimbi akachukua dawa ya kupe kabatini, kisha akakunja kile kitambaa cha maua akakitia kwapani. "Hiki naazima. Tunu anatetemeka kwa baridi." Mbele ya wageni, Kifaru alitabasamu.

Mlangoni alimkuta Fisi na bisibisi.

"Shangazi, niambie kweli. Maji yangetosha?"

"Yangetosha kabisa," Pimbi akasema bila kusimama. "Lakini maji hayana homa."

Kesho yake Tunu aliamka akadai uji, akiwa amejifunga maua ya mke wa Kifaru mabegani.

Funzo lake, wanangu, ni hili: mtu akikumbatia mali ya wote ili aonekane mkubwa, mshikeni kwa huo ukubwa wake.