Mikeka Saba ya Zamda

Ukili wa mzee haunyooshwi. Ndivyo Bi Mwajabu alivyomwambia bibi harusi jana, na nyinyi vijana mkacheka. Ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa, kisha ukashonwa kuwa mkeka, na kila mtu anajua kwamba ukili uliopinda hutoa mkeka uliopinda. Sasa kwa nini usinyooshwe? Haya, acheni kucheka, msikilize. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha bonde la Rufiji aliishi mjane aliyeitwa Bi Siwema, pamoja na binti yake Zamda. Bi Siwema hakusuka ili auze. Alisuka kwa kupenda, tangu utoto wake alipopandishwa dunguni, kile kichanja cha shambani, kuamia ndege wa mpunga, mdomo ukifukuza ndege huku vidole vikisuka. Hata alipozeeka, akishika ukindu tu husimulia: mwaka ule viboko walipomaliza shamba la baba yake, siku ile nduguye alipotumbukia kwenye chungu cha togwa. Zamda alizisikia hadithi hizo hata akazizoea, na ukizoea kitu huoni tena thamani yake.

Mikeka ya ujana wa Bi Siwema ilichukuliwa yote na mafuriko. Akaanza upya, lakini macho nayo yakaingia mtoto wa jicho, ikawa anasuka kwa kupapasa. Ukili wake ulikuwa mpana hapa, mwembamba pale, ukienda huku na kurudi kule.

Siku moja shoga yake Zamda alikuja kumtembelea. Akautazama mkeka aliotandikiwa, akasema, "Mwenzangu, mkeka huu umelewa?" Wakacheka wote wawili, lakini moyoni Zamda aliungua. Yeye alisifika kijiji kizima kwa mkono wake ulionyooka, na sasa watu wangedhani kazi ile ni yake. Aibu ni kitu kibaya, wanangu. Humfanya mtu mwema atende ubaya huku akidhani anasaidia.

Tangu siku hiyo, kila mama alipomaliza kuswali adhuhuri na kujilaza kidogo, Zamda aliufumua ukili uliosukwa asubuhi, akausuka upya. Na mikeka iliyokwisha kushonwa aliifumua pia, mmoja baada ya mwingine, akaisuka na kuishona upya.

Lakini Bi Siwema alikuwa kipofu wa macho, si wa vidole. Asubuhi moja aliupapasa ukili wake toka mwanzo hadi mwisho.

"Zamda, jana niliuacha umepinda. Leo umenyooka."

"Mkono wako umerudi, mama."

"Umerudi?"

"Umerudi kabisa."

"Haya, mwanangu," mama akasema. Akaendelea kusuka, lakini siku ile hakusimulia hadithi, wala siku zilizofuata. Zamda alidhani ni uzee tu.

Mwaka haukwisha. Asubuhi moja Bi Siwema alianguka, ukili ukiwa mkononi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda mbele ya haki.

Mpili, kaka yake Zamda, alikuwa akifanya kazi mbali katika mashamba ya mkonge, na kwa miaka sita hakuwa amemwona mama. Alifika mazishi yamepita, akakaa hadi arobaini. Desturi ya watu wale ilikuwa kila mtoto achukue mkeka mmoja uliosukwa na marehemu, akautandike kwake. Waliiita kulalia mkono wa mama. Basi Zamda akatandaza mikeka saba uani, na Mpili akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya ule wa kwanza.

"Huu ni mkono wako," akasema.

Akagusa wa pili. "Huu pia wako."

Alipofika wa saba akamgeukia dada yake. "Zamda, mama alikuwa akikaza upande wa kushoto. Nimelalia mikeka yake utoto wangu wote, mgongo wangu unaijua. Mama yuko wapi hapa?"

Zamda alitaka kudanganya mara ya pili, akashindwa. "Niliifumua, kaka. Yote. Ilikuwa imepinda, watu wanacheka. Niliona aibu."

"Mimi ningeulalia huohuo uliopinda," alisema Mpili, akalia. Alilia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile ile.

Ndipo Zamda akakumbuka kwamba siku ya kifo hakupata nafasi ya kufumua. Akakimbilia kikapu cha ukindu, akautoa ukili wa mwisho. Kazi ya asubuhi ile ilikuwa shubiri moja tu. Ilikuwa imepinda, na ilikaza kushoto. Wakaishika wote wawili. Kisha Mpili akatoa kisu, akapima katikati, ili wagawane.

Zamda akamshika mkono. "Usikate, kaka, utafumuka. Chukua wewe. Mimi fungu langu nilikwisha kulifumua."

Kesho yake Mpili aliondoka nao. Zamda akabaki na mikeka saba, yote imenyooka, akailalia miaka yake yote asimpate mama yake hata upande mmoja. Wageni waliisifu sana. Na kila walipoisifu aliwajibu kwa maneno yale yale, mpaka watu wakayachukua: ukili wa mzee haunyooshwi.