Jiwe la Miaka Mia

"Wagombeao wafu humzika mzima." Ndiyo, nimesema hivyo, na nitasema tena. Tangu asubuhi mnachambua maharage yangu huku mnakatizana maneno: mtu mkubwa wa karne iliyopita ni nani, aliyeleta uhuru au aliyegundua dawa. Maharage yenyewe hata debe halijafika nusu! Haya, mmeniuliza methali hii imetoka wapi. Endeleeni kuchambua, nami nitawaambia ilivyoanza.

Ilianza hapa hapa Mvureni, kule juu kwenye ndiva. Mnaijua ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya mlimani, na mlinzi wake huchomoa zibo la mti ili maji yateremke mashambani. Enzi hizo mlinzi alikuwa Mbonea, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye binti mmoja tu, Namkunda. Ndiva ilichimbwa na babu yake Mbonea. Mtu mpole yule, ila ukimgusia babu yake, utakoma.

Mwaka huo kijiji kilitimiza miaka mia. Wazee wakaleta jiwe zuri kutoka korongoni, wakasema lichongwe jina la mtu mmoja aliyeigeuza Mvureni kuliko wote katika karne ile. Lo, jiwe lile lilileta balaa! Mbonea akasema ni babu yake. Jirani yake Kajiru akasema hapana, ni babu yake yeye, aliyefungua shule ya kwanza. "Bila maji mngesoma nini, vumbi?" "Bila shule nani angejua kuwa miaka mia imetimia?" Wanawake wa koo zao hawakusalimiana tena kisimani, na watoto wakakatazwa kucheza pamoja.

Basi likaitwa baraza. Na baraza la Mvureni lilikuwa na desturi yake: mwenye dai hukaa kwenye kigoda, na akiinuka kabla ya hukumu, dai lake limeanguka. Mbonea akakaa, Kajiru akakaa, wakatazamana. Wakabishana mpaka jua likapita utosini. Mlimani wingu likafunga, mvua ikamwagika huko juu, na wao wanaongea tu.

Namkunda akaja mbio, kanga imelowa inamng'ang'ania miguuni.

"Shikamooni wazee. Baba, twende. Ndiva imejaa, maji yamefika ukingoni. Nimevuta zibo limenishinda."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Tunakaribia kumaliza."

"Baba, ukingo ukipasuka nyumba za chini zinakwenda zote. Bibi Nahana hata kutembea hawezi."

Mbonea akashika magoti yake ili ainuke. Hapo Kajiru akacheka. "Nenda tu, bwana. Jina tutachonga sisi."

Mbonea akarudi kukaa. Mpaka leo nikifika hapa roho inaniuma. Akamwambia binti, "Nikiinuka sasa babu yangu ameanguka. Kajaribu tena, mama. Nakuja."

Msiniulize vijana walikuwa wapi. Walikuwepo, wamejaa mlangoni na misuli yao, lakini nani atoke aikose hukumu? Kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda.

"Haya, baba," akasema Namkunda, akarudi peke yake mvuani.

Alilichomoa lile zibo. Sijui nguvu alizipata wapi. Maji yakapata njia, nyumba za chini zikapona zote, na Bibi Nahana aliishi miaka mingine mingi akimlilia. Lakini udongo wa ukingo ulikuwa umelowa, ukameguka chini ya miguu ya binti wa watu. Barazani walisikia mngurumo tu. Hapo ndipo Mbonea alipoinuka, na kigoda kikaanguka nyuma yake. Walimkuta Namkunda kwenye migomba, udongo umemjaa mdomoni.

Kesho yake makaburini wakamletea mfiwa kigoda. Hakukitazama. Kajiru, machozi yanamtiririka, akamshika mkono. "Kaa, ndugu yangu. Kaa upumzike."

"Nilikaa jana, Kajiru."

Mzee aliyeongoza baraza aliagiza lile jiwe liletwe, likawekwa kichwani pa kaburi, tupu, bila jina la mkubwa yeyote. Akalitazama, akasema maneno yale mliyoyasikia kwangu, kisha akaenda nyumbani. Na Mbonea, wanasema, mpaka anakufa alikula chakula chake amesimama.

Unasemaje, wewe Sekiete? Ati mwishowe baraza liliamua nini, babu wa nani alishinda?

Mungu wangu! Mtoto wa mwenzenu yuko chini ya jiwe, nawe unauliza nani alishinda. Lete hilo debe hapa, nitachambua mwenyewe. Wagombeao wafu humzika mzima.