Sange Alivyoipanga Ngoma ya Fisi

"Hadithi inapita! Masikio yapo?"
"Yapo! Ipitishe hapa!"
"Haichekeshi sana."
"Ilete hivyo hivyo!"

Basi hapo kale palikuwa na Fisi, mlafi wa kupindukia. Mlangoni pa pango lake aliwaweka vyura na nyenje, akawatisha: "Imbeni! Kila mtu na lake, msipumzike!" Vyura chini, koro-koro-koro. Nyenje juu, nziii-nziii. Makelele yakafunika kila kilio kilichotoka pangoni.

Asubuhi moja Fisi akawakamata watoto wa Sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu. Mama yao akasimama nje, akatega sikio. Koro-koro, nziii. Hakusikia kitu. Fisi akawala.

Tumbo likajaa, jicho halikujaa. Akaenda kwenye majaruba ya mpunga, akamwiba Mwajabu, mtoto wa Bi Siwatu, akamtupa pangoni awe chakula cha jioni. Bi Siwatu akazunguka, akaita, akatega sikio. Koro-koro, nziii.

Sange, aliyekuwa bado kando ya pango akiyaona hayo, akafuta machozi, akamwendea Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Umefuata wanao?"

"Wanangu umeshawala. Nimekuja kwa aibu yako. Mtu mkubwa kama wewe, ngoma yako haina mpigo! Watu wanakucheka."

"Wananicheka? Nifanyeje?"

"Waimbe pamoja. Ukiinua mkia, wote wapaze. Ukishusha, wote wapunguze."

Fisi akainua mkia: KORO-NZIII! Akashusha: koro-nziii. Akainua, akashusha. Akafumba macho kwa raha.

Kule majarubani Bi Siwatu akasimama ghafla. Sauti za chini na sauti za juu zilikuwa zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, kama kifua kimoja kinachopumua. Na katikati yake palikuwa na kasauti kembamba kasikopanda wala kushuka nazo.

"Maaamaaa..."

"Mwanangu yule!"

Akaja mbio na jembe. Fisi bado amefumba macho. Pu! la mgongo. Fisi akakimbia akipiga yowe, hakurudi tena.

Bi Siwatu akamtoa Mwajabu, akamkumbatia. Sange akaingia pangoni, akanusa kila pembe, akatoka peke yake.

"Ahsante, mama mwenzangu," akasema Bi Siwatu. "Na wako?"

"Wangu walilia wakati kila mtu anaimba lake."

Bi Siwatu akaketi chini kando yake, wakalia.

Hadithi nimeiacha hapo pangoni, anayeitaka akaichukue. Na funzo lake mlishike, wanangu: mkiimba, kila mtu aimbe lake, tena kwa nguvu. Mkiimba pamoja, Mzee Fisi wa watu atalala na njaa.