Hodi Katika Wodi ya Wazazi

Rangi haiitikii hodi. Ndivyo mafundi walivyosema jana kaburini, mzee Osmund Haule alipokuwa akiteremshwa, nanyi vijana mkatazamana. Leo mnaniuliza rangi imeingiaje msibani. Kaeni, basi. Methali hii ilizaliwa ukutani, na ilianza hivi.

Zahanati yetu ya Lihangweni hapo awali haikuwa na wodi ya wazazi. Mwanamke akishikwa na uchungu alipakiwa kwenye pikipiki hadi ng'ambo ya mlima, na wengine walijifungulia njiani. Watu walipoamua kujenga wodi, kila mmoja alileta chake, huyu mchanga, yule maji, na kazi ya kuta za ndani ikamwangukia Osmund, bingwa wa jipsamu. Naye alikuwa na lake moyoni. Binti yake wa pekee, Gaudensia, alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Mjukuu wake angezaliwa humo.

Ukuta wa jipsamu si wa tofali. Husimamishwa fremu ya vyuma vyembamba, kisha bodi hufungwa kwa skrubu huku na huku, na kati yake hubaki uwazi. Ukitaka kutundika kitu kizito, sharti ulaze ubao ndani, nyuma ya bodi, skrubu zipate pa kung'ata. Wodini palitakiwa bomba la chuma, usawa wa kiuno, ambalo mama mwenye uchungu angelishika na kuning'inia kwa uzito wake wote. Kwa hiyo ubao ulipaswa kupita ndani ya ukuta mzima, mwanzo hadi mwisho.

Osmund alikuwa na desturi yake. Aliwagawa mafundi pande mbili, hawa waanze kushoto, hawa kulia, washindane hadi wakutane katikati. Wa kushoto waliongozwa na Kasto, wa kulia na Nikanori, na walioshindwa waliwapikia wenzao ugali na kuwanawisha mikono. Basi siku hiyo ilikuwa nyimbo na kejeli, skrubu zikilia, ukuta ukipanda mbio. Bodi ya mwisho, ile ya katikati, waliigombea mpaka wakaifunga pamoja, huyu anaikaza juu, yule chini, wakibishana nani kashinda. Ikapigwa lipu laini, ikasuguliwa, ikapakwa rangi ya kijani changa. Aliyeingia alisimama mlangoni akishangaa.

Siku ya uzinduzi ngoma zilianza asubuhi. Masufuria yalikuwa jikoni, watoto wamepakwa mafuta hadi magotini, na Osmund amevaa koti lake la harusi, anaingia na kutoka kama bwana harusi mwenyewe. Kilichobaki ni kufunga bomba. Lakini kwanza mkaguzi wa majengo, Bi Eusebia Komba, alitaka kuuona ukuta. Mama huyu alikagua kwa kifundo cha kidole, na kila alipogonga alibisha hodi, mzaha ambao mafundi waliupenda.

"Hodi," akasema, akagonga upande wa kushoto. Ukuta ukajibu du, du, sauti nzito.

"Karibu, mama," Kasto akaitika kwa niaba ya ukuta. Watu wakacheka.

Akaenda upande wa kulia. "Hodi." Du, du.

"Karibu, na chai ipo," akasema Nikanori, asipitwe.

Akarudi katikati. "Hodi." Bo, bo, kama mtungi mtupu. Akagonga tena. Kasto alikuwa ameshafungua mdomo, akaufunga.

"Fundi Haule," akasema Bi Eusebia, "hapa hakuna mtu nyumbani."

"Mama mkaguzi, hebu utazame ukuta wenyewe," akasema Osmund. "Nionyeshe kiungo kiko wapi. Nionyeshe kichwa cha skrubu. Umetulia kama maji bakulini. Na rangi nimeipaka kwa mkono wangu."

"Naiona, fundi, na ni nzuri. Lakini mimi nimepiga hodi, na rangi haiitikii hodi."

Osmund akawageukia vijana wake. "Kasto, ubao wa katikati uliweka?"

"Pale palikuwa pa Nikanori, mzee."

"Pangu?" akasema Nikanori. "Si wewe uliyetangaza kwamba umeshinda? Mshindi hushinda na ubao wake."

Kumbe kila mmoja alidhani mwenzake ameuweka. Katikati palipogombewa na wote hapakuwa na mwenyewe.

Ngoma zilikuwa zimefika darajani. Nikanori akamsogelea Osmund, akanong'ona, "Mzee, tulifunge bomba hivyo hivyo. Kwa leo litakaa. Wageni watalitazama tu, nani atalivuta?"

Bi Eusebia alisikia, akamtazama Osmund. Osmund akatazama dirishani. Kundi la akina mama lilikuwa linapanda kilima kwa vigelegele, na nyuma yao Gaudensia, mkono mmoja kiunoni, mwingine begani kwa shangazi yake.

Akavua koti.

"Leteni msumeno. Safari hii hakuna kushoto wala kulia. Wote katikati."

Akauchana mwenyewe ukuta aliousugua hadi vidole vikachubuka. Ndani palikuwa patupu, na buibui ameshahamia. Kasto akakata ubao, Nikanori akaushikilia, wakaukaza kwenye vyuma vya fremu, kipande kipya cha bodi kikaziba, bomba likapanda. Ngoma sasa zilikuwa uwanjani. Lipu na rangi hazingewahi, kwa hiyo katikati ya ukuta wa kijani kikabaki kiraka cheupe, vichwa vya skrubu vikichungulia.

Osmund, mtu wa kilo zake, akalishika bomba kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia.

"Sukuma, mzee," akasema Kasto. "Kichwa tunakiona."

"Akipata mapacha, mmoja wangu," akasema Nikanori.

Bi Eusebia akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akagonga kile kiraka. Du, du. Hakuna aliyewahi kusema karibu, maana wageni walishajaa mlangoni.

Mgeni rasmi akatazama kiraka, akamtazama Osmund aliyebaki na fulana, nywele nyeupe kwa vumbi. "Fundi, hapa mmesahau rangi?"

"Hatukusahau, mheshimiwa. Piga hodi."

Kabla mgeni hajanyoosha mkono, Gaudensia alipita katikati yao, akalidaka bomba, akainama. Shangazi akatazama sakafuni, maji yametapakaa. "Wanaume nje," akasema, "na hotuba zenu." Hotuba zikasomewa uwanjani na hakuna aliyezisikiliza. Ubwabwa ulikuwa haujaiva mtoto alipolia. Bomba halikutikisika. Mtoto huyo ndiye aliyebeba msalaba jana.

Kiraka kile hakijapakwa rangi mpaka leo. Osmund alikataa. Mama akiingia wodini hukigonga kwanza, akajibiwa, ndipo ashike bomba.

Na jana mlisikia sifa nyingi pale kaburini, maana mfu hupakwa rangi na kila mtu. Mafundi hawakumsifu. Kasto na Nikanori, wazee sasa, walikumbuka tu kwamba kila walipobisha kwake, aliitika. Wakashika makoleo, wakasema neno moja: rangi haiitikii hodi.