Kasha Lililokauka

Wapo wanaodhani kwamba methali isemayo "Kawia ufike" ilitungwa na mvivu aliyetafuta pa kujificha. La hasha! Maana yake ni kwamba safari hupimwa kwa kufika wala si kwa mbio, na kwamba afadhali achelewaye akafika kuliko akimbiaye akaishia njiani. Asiyesadiki na asikilize yaliyomkuta muuza sigara mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu.

Jina hilo hakulipata bure. Alikula akiwa amesimama, aliamkia watu akiwa ameshawapita, na mkewe alizoea kumtania, "Ungekuwa kifaranga wewe, ungeanguliwa kabla ya kutagwa." Mume na mke hao walikuwa na duka dogo la sigara nene, zile zinazokunjwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku. Nyuma ya duka palikuwa na kabati la mbao lililozibwa barabara, na ndani yake kibakuli cha maji cha kuipa hewa unyevu wa kadiri. Sigara za namna hiyo zina maringo. Zikikosa unyevu hukauka, na ukizivuta moshi huja mbio, wa moto na mchungu. Unyevu ukizidi huvimba, zikaziba, ukavuta mpaka mashavu yakaingia ndani usipate kitu.

Ndani ya kabati hilo liliwekwa kasha moja lisilouzwa. Mwenyewe alikuwa baba yake mke, mzee aliyekuwa mkunjaji hodari enzi zake. Zamani yeye na mdogo wake walikunja sigara kwenye meza moja, bega kwa bega, mpaka mdogo alipohamia kiwanda cha sigara za mashine. Mkubwa alimwambia mbele ya watu, "Umeisaliti mikono yako." Neno likatoka, na likishatoka halirudi. Tangu hapo ndugu wale hawakusemezana. Mzee alipoona mikono imeanza kutetemeka, alikunja kasha la mwisho akamkabidhi binti yake. "Hizi nitazivuta na mdogo wangu siku tutakapopatana," alisema. "Asipokuja, nizikwe nazo."

Basi siku moja salamu zikaja: mdogo mtu angefika Ijumaa, wapatane. Mzee alifurahi kama mtoto. Alimtembelea mkwewe dukani asubuhi, kanyoa ndevu, kavaa shati la kutokea.

"Niandalie kasha langu, mwanangu," alisema. "Nimesubiri sana."

"Hilo tu, Baba? Hesabu limekwisha," akajibu Chapuchapu, huku jasho jembamba likimtoka. Kasha halikuwemo kabatini. Miezi kadhaa nyuma alilitoa ili apate nafasi ya mzigo mpya, akaliweka juu ya rafu karibu na dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Alisema moyoni kwamba angelirudisha mara moja, kisha akasahau.

Mzee alipoondoka, Chapuchapu alilishusha kasha. Sigara zilikuwa nyepesi, na alipoigusa moja ililia kwa ukavu. Akaiwasha ajaribu. Loo! Moshi ulimjia wa moto, ukamchoma ulimi na kumkwaruza koo, na sigara yenyewe ikateketea kama karatasi.

"Zirudishe kabatini taratibu," mkewe alimshauri. "Na tumwambie Baba."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemharibia mapatano yake? Kesho kutwa ni Ijumaa, mke wangu! Kilichokauka dawa yake maji."

Hakungoja jibu. Alichovya kitambaa majini, akakitandika juu ya sigara za safu ya juu, akalifunga kasha kwa mfuko wa nailoni na kujipongeza kwa akili zake. Kesho yake alipofungua, alishika kichwa. Sigara za juu zilikuwa zimevimba na kupasuka maganda kama maharagwe yaliyochemka kupita kiasi. Aliwasha moja, akavuta kwa nguvu zake zote, na ilikuwa kama kunywa uji mzito kwa mrija. Moshi kidogo uliopita ulikuwa mchachu, kisha sigara ikazimika. Za safu ya chini zilinusurika, ila zilikuwa bado kavu. Mtu mzima akakaa chini, akalia.

Mkewe hakumcheka. Alimshika mkono, wakalichukua kasha, wakaenda wote kwa mzee. Chapuchapu alipiga magoti, akaeleza yote bila kuficha. Mzee alifunua kasha, akaminya sigara moja ya juu na moja ya chini.

"Jani hunywa kwa kulamba, mwanangu, halinywi kwa kugugumia," alisema. "Wewe umelilevya la nje, na la ndani halijaonja tone. Zitapona, lakini zataka wiki nyingi."

"Na Ijumaa, Baba?"

"Hapo ndipo penye kazi. Mdogo wangu ana kiburi kama mimi. Nikimtumia mtu wa kumwambia asije, atajua nimemkataa, na hatakanyaga tena. Nipe fimbo yangu."

Walikwenda wote watatu nyumbani kwa mdogo mtu. Aliufungua mlango mwenyewe, na alipomwona kaka yake alimshika mikono yote miwili. Lakini aliposikia ombi la kuahirisha, uso ulimbadilika.

"Kama hunitaki, kaka, sema tu. Usizisingizie sigara."

"Ningekuwa sikutaki ningekuja kwa miguu hii?" alijibu mkubwa. "Neno langu lilikuumiza, na najuta. Sitaki tulipoze kwa sigara mbovu. Ningoje, ndugu yangu."

Mdogo aliangalia chini, kisha akamgeukia Chapuchapu. "Ni wewe uliyezikausha?"

"Ni mimi, Baba mdogo."

"Ukaweka kitambaa cha maji?"

"Ndiyo."

Mdogo mtu akaangua kicheko. "Kaka, unakumbuka nilipofanya hivyohivyo nikiwa mwanagenzi? Ulinikimbiza kuizunguka meza nzima kwa ubao wa kukatia!" Mkubwa naye akacheka mpaka akakohoa. Waliingia ndani, na chai ikapoa mbele yao kwa mazungumzo.

Tangu siku ile wazee walikutana dukani mara kwa mara. Kasha lilikaa kabatini, kifuniko kikiwa wazi kidogo, mbali na kibakuli cha maji. Baada ya muda Chapuchapu alilisogeza karibu na maji kidogo, kisha akalisogeza tena. Zile zilizopasuka ziliwekwa peke yazo zipungue maji polepole. Kila wazee walipokuja, waliminya sigara kwa vidole viwili, wakatazamana, wakasema, "Bado." Kisha walikaa wakapiga soga mpaka duka likafungwa. Mwanzoni Chapuchapu aliwashwa na haraka yake; baadaye alianza kuketi nao.

Hatimaye mdogo mtu aliomba wajaribu moja ya zile zilizopasuka. Aliizungushia kipande cha jani kuziba ufa, akaiwasha, akampa Chapuchapu avute. Moshi ulikuja kwa upole, bila kuvutwa kwa nguvu, mtamu, wenye harufu ya mbao na asali. Kama iliyopasuka ilikuwa hivyo, za safu ya chini zingekuwaje? Chapuchapu aliminya moja. Ilibonyea kidogo, ikarudi. Zilikuwa tayari kabisa, hata mtoto angejua.

Mkubwa akaminya. Akamtazama mdogo wake. "Waonaje?"

Mdogo akaminya naye, taratibu, machozi yakimlengalenga. "Bado, kaka."

"Naam. Bado kidogo," akasema mkubwa. "Utakuja kesho tuziangalie?"

"Nitakuja."

Chapuchapu alifungua mdomo kusema kwamba zimeiva, wazivute sasa hivi. Mkewe akamkanyaga mguu. Aliwatazama wazee wale wawili, bega kwa bega kwenye benchi moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuona haja ya kukimbilia popote. Akafunga kifuniko cha kasha, polepole, akaenda kuwawekea maji ya chai.

Hakika, kawia ufike.