Shabaha ya Meja Lutengano

Meja Lutengano hakuwa ameshika bunduki tangu apandishwe cheo. Majaribio ya shabaha yalipowadia, alimwita Koplo Nyamizi, mlengaji hodari wa kambi, akampa karatasi ya shabaha yenye jina lake yeye Meja.

"Kanipigie hii. Ukikataa, sahau likizo ya harusi ya dada yako."

"Sawa, afande. Ila nisainie likizo kwanza, mkono usije ukatetemeka."

Meja akasaini. "Usiniaibishe."

"Siwezi, afande."

Nyamizi alipiga risasi zote katikati kabisa. Jioni Kanali akampongeza Meja mbele ya kikosi, akatangaza kwamba ndiye atakayelenga kwa niaba ya kambi siku ya ziara ya Jenerali.

Meja alimkuta Nyamizi akifunga begi. "Hukuweza kukosa hata moja?"

"Ningekosa kidogo, afande, ungefaulu kimyakimya, na mwakani ungenituma tena."

"Basi ahirisha safari, unifundishe."

"Likizo umeshasaini. Anza na kulala kifudifudi, mengine nikirudi."

Meja akacheka bila kupenda. Kesho yake wapishi walimwona amelala vumbini nyuma ya jiko, kitambi kikimsumbua, akilenga kopo la maziwa.