Ndama Mwenye Adabu katika Zizi la Fisi

Mwaka ule mvua iliadimika hata mito ikasahau njia zake. Wanyama wakafanya yote wayafanyayo viumbe wakati wa dhiki: wakaomba, wakalaumiana, kisha wakahama. Fisi peke yake hakuhama, kwani alikuwa ameiziba chemchemi ya mwisho kwa jiwe, na juu ya jiwe akakusanya rundo la nyasi ambazo yeye mwenyewe hazili. Alipoulizwa nyasi hizo ni za nini, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu akajibu, "Za sadaka."

Sadaka hiyo ikamwangukia Bi Ng'ombe, aliyefika mbavu nje, ndama mmoja akimnyonya na mwingine angali tumboni.

"Karibu, mama," Fisi alimlaki. "Hapa kwangu ni ufugaji wa kisasa. Hutembei, hutafuti malisho, hupigwi na jua. Kazi yako ni moja, kutoa maziwa. Mengine yote niachie mimi."

"Na mwanangu je?"

"Ndiyo hayo mengine, mama."

Zizi lenyewe lilikuwa la fahari. Sakafu ilikuwa ya mawe matupu ili kwato zisichafuke. Nazo kwato zikavimba, lakini zikavimba zikiwa safi. Kamba ilikuwa fupi ili Bi Ng'ombe asipate taabu ya kugeuka. Dirisha halikuwapo, kwa kuwa mwanga, kwa maelezo ya mwenye zizi, huwashughulisha ng'ombe na mambo yasiyowahusu.

Wema waliotutangulia walifundisha kwamba mkamaji akate kucha asije akaumiza kiwele, na kwamba asiyamalize maziwa ilhali ndama hajashiba. Fisi hakubahatika kuhudhuria darasa hilo. Isitoshe, alizipenda sana kucha zake.

Haukupita muda akaja kumfungua ndama.

"Unampeleka wapi?" Bi Ng'ombe aliuliza, akiivuta kamba hata ikamkata shingo.

"Bweni, mama. Utamlea mpaka lini? Malezi ni mzigo; leo nimekutua."

"Na huko bweni atasoma nini?"

"Adabu."

Jioni ile Fisi alionekana kizingitini pake akijichokoa meno, kwa utulivu wa mzazi aliyekwisha kulipa karo.

Lakini Mola amemwekea ng'ombe hazina ambayo kamba haiifungui: asipomwona mwanawe, huyazuia maziwa. Fisi alikama hadi mikono ikafa ganzi, asipate hata la kulowesha kidole. Naye alikuwa na sababu ya kuhofu, kwani kila asubuhi kibuyu cha maziwa hupelekwa kwa Simba, ambaye meno yalikuwa yamemhama na nyama haimpiti tena. Simba hakuwa na desturi ya kuuliza maziwa yametoka wapi. Wafalme huuliza tu kwa nini yamechelewa.

Fisi akakumbuka hila ya wachungaji wa kale. Aliichukua ngozi ya ndama, maana ngozi ndiyo pekee iliyosalia, akaijaza nyasi kavu, akaishona kwa ukambaa, akaipaka chumvi, akaisimamisha juu ya vijiti kwenye kona yenye giza, karibu na pua ya mama.

"Mwanao amerudi likizo," alitangaza.

Bi Ng'ombe akainusa harufu aliyoijua, akairamba, na maziwa yakashuka.

"Mbona hanyonyi?" aliuliza.

"Ndama aliyesoma hanyonyi."

"Mbona hata haniiti?"

"Ndiyo adabu yenyewe hiyo, mama. Shukuru."

Mbeba kibuyu alikuwa Sungura. Asubuhi moja, akingoja kijae, aliona unyasi umechomoza tumboni mwa ndama yule, akatambua bila kuelezwa. Fisi alipotoka kwenda kufunua chemchemi, Bi Ng'ombe akanong'ona, "Mwanangu Sungura, wewe hutembea kwingi. Siku zangu za kuzaa zimewadia. Na huyu naye atapelekwa bweni?"

Sungura akautazama ule unyasi. Yeye ambaye hakuwahi kukosa neno, siku hiyo alipata moja tu. "Hapelekwi."

Alipofika kwa Simba, alikitua kibuyu akaguna.

"Una nini leo, mfupi?" Simba aliuliza.

"Nastaajabu tu, mtukufu. Kwa Fisi yupo ndama mwenye adabu isiyo kifani. Husimama tangu alfajiri hadi usiku. Hapigi miayo, hajikuni, wala hafukuzi hata nzi. Nikasema moyoni, walinzi wa mfalme wangejifunza kwake."

Simba akawatupia jicho walinzi wake. Mmoja alikuwa akijikuna.

"Nipelekeni," alisema.

Fisi alipouona msafara ukija, manyoya yalimsimama. Akakimbilia kuipokea heshima hiyo kwa maneno mengi. "Mtukufu, ungetuma habari tukafagia! Humo ndani giza tupu, na ndama yumo katika kutafakari."

"Na amsalimu mfalme kwanza, kisha atafakari," alisema Sungura.

Simba akaingia, akasimama mbele ya ndama, akatunisha manyoya ya shingo. "Inama."

Ndama hakuinama.

"Nimesema inama!"

"Mtukufu," Fisi alidakia, "shingo yake ni ya kisasa, haikunjiki upesi..."

Tangu atawazwe, Simba hakuwahi kuamrisha mara mbili, sembuse tatu. Akainua kiganja, akampiga yule mkaidi. Mshono ukaachia, kichwa kikabingiria upande mmoja, na nyasi zikamwagika hadi miguuni mwa Bi Ng'ombe.

Bi Ng'ombe, ambaye njaa ilikuwa imemchimba mashimo ubavuni, alizinusa nyasi zile zilizojaa harufu ya mwanawe. Hakula hata unyasi mmoja. Akatoa mlio mrefu, na hata walinzi wakaacha kujikuna.

Simba alighadhibika mno. Si kwa ajili ya ndama, tusimsingizie. Alighadhibika kwa kuwa alikuwa amekataliwa na mfuko wa nyasi mbele ya watu wake. "Mfungeni Fisi mahali pa ng'ombe huyu," aliamuru, "kwa kamba ile ile!"

"Mtukufu, ni fupi mno!" Fisi alilia. "Na sakafu hii inaumiza!"

"Bwana Fisi," Sungura alimwambia akikaza fundo, "ni kwa raha yako. Usitaabike kugeuka."

Jiwe likaondolewa juu ya chemchemi. Bi Ng'ombe akazaa nje, juani, penye udongo laini. Kesho yake Simba akaleta kibuyu mwenyewe, akamkuta ndama yuko kiweleni.

"Mfalme amngoje ndama?" alinguruma.

"Waweza kumwondoa, mtukufu," alijibu Bi Ng'ombe kwa upole, "ila maziwa nayo yataondoka."

Simba akaketi chini na kibuyu chake, akangoja. Alikuwa angali akingoja Fisi, pale alipofungwa, alipotupa jicho kupitia mlango wa zizi ulioachwa wazi, akamwona ndama ameshiba akimfuata mamaye kila aendako, akimgonga ubavuni kwa kichwa, na mama akitembea kwa kwato zilizoanza kupona, hatafuti wa kumtua.

Ng'ombe haelemewi na nunduye.